Pasta Ameiombea

Wiki hii hamtapata muhtasari wa mahubiri ya Jumapili kama kawaida. Mchungaji kiongozi ameniruhusu nitumie nafasi hii kwa jambo ambalo limenikaa rohoni tangu mwezi uliopita, na jambo lenyewe linanihusu mimi kwanza. Kuna akina mama wawili nitakaowataja. Wote wamenipa ruhusa, tukakubaliana nisiandike majina. Wengine wenu mtawatambua. Mkiwatambua, tafadhali nyamazeni.

Ilikuwa kati ya ibada ya kwanza na ya pili. Mama mmoja wa wahudumu wetu wa mlangoni alinifuata huku nyuma, pale kwenye mnazi tunapoegesha pikipiki. Alifungua mkoba akatoa kichupa cha kioo kisichofika urefu wa kidole gumba, chini yake kuna unga mweupe kidogo, kama chumvi iliyoshika unyevu. "Pasta mwanangu, hii ni dawa ya kupunguza mwili. Nimetumiwa kutoka Mombasa. Niombee kabla sijaanza kujidunga."

Nilikuwa na haraka. Vyombo vilikuwa vimeanza kupigwa kwa ibada ya pili, na hesabu ya sadaka ilikuwa haijafungwa. Niliweka mkono juu ya kile kichupa, nikaomba kama dakika moja, maombi yale ambayo mtu anaweza kuomba huku akili iko mahali pengine. Nikasema amina, nikakimbia. Sikuuliza ni dawa gani, imetoka wapi, wala ni daktari gani aliyemwandikia.

Baada ya wiki tatu mke wangu aliniuliza tukiwa mezani, "Kwani siku hizi unaombea dawa za kukonda?" Alikuwa ameyasikia kwenye maombi ya akina mama ya Jumatano. Akina mama watatu zaidi walikuwa wameagiza kichupa hicho hicho, na sababu waliyopeana ilikuwa moja tu: hii pasta ameiombea.

Kabla sijaitwa kwenye huduma nilisomea biashara. Shahada ninayo, iko kwenye bahasha ndani ya sanduku. Darasani tulifundishwa kwamba tangazo linalouza kuliko yote ni lile lisilofanana na tangazo, neno kutoka mdomoni mwa mtu ambaye mnunuzi tayari anamwamini. Hakuna mwalimu aliyetuambia kwamba neno hilo laweza kuwa amina.

Na muuzaji naye alilijua hilo kabla yangu. Siku mbili baadaye nilipata ujumbe kwenye simu. Kijana mwenyewe muungwana, alianza na Bwana asifiwe. Akasema amesikia kwamba ninajali afya ya waumini, na kwa kila kichupa kitakachonunuliwa kupitia kwangu atanitumia asilimia kumi. Kichupa ni shilingi 8,500. Asilimia kumi! Fungu la kumi kabisa, jamani. Nakiri mbele yenu kwamba nilipiga hesabu. Wanne mwezi huu, kumi mwezi ujao, ishirini ifikapo Krismasi. Nilikuwa nimefika kwenye mabati ya darasa la shule ya Jumapili ndipo nikajishika.

Nikaenda nyumbani kwa yule mama, nikaomba nikione kichupa, safari hii kwa macho wazi. Kilikuwa na karatasi ndogo iliyobandikwa. Jina: retatrutaidi, miligramu 10. Chini yake maandishi madogo ya Kiingereza ambayo maana yake ni kwamba kitu hiki ni cha utafiti wa maabara pekee, si cha kutumiwa na binadamu.

"Hayo sikuyasoma," mama aliniambia. "Na hata ningeyasoma, Pasta, si kila kitu siku hizi kina maandishi?"

Hebu niwaeleze nilichojifunza, maana nimelazimika kusoma. Sote tumesikia habari za Ozempic. Ndani yake kuna dawa inayoitwa semaglutaidi, nayo inaiga homoni ambayo utumbo hutoa tukishakula ili kuuambia ubongo kwamba tumeshiba. Ilianza kama dawa ya kisukari, ikaidhinishwa Marekani mwaka 2017, halafu mwaka 2021 ikaidhinishwa kwa jina jingine, Wegovy, kwa ajili ya unene. Ni dawa ya kweli. Ina madhara yake, lakini imepimwa, na anayeiandika anajua anamwandikia nani. Hii retatrutaidi ni mdogo wake wa baadaye. Inaigiza homoni tatu badala ya moja. Kampuni ya Eli Lilly ya Marekani ndiyo iliyoitengeneza, na mwaka 2023 matokeo ya jaribio la awamu ya pili yalichapishwa. Watu wazima 338 walishiriki. Waliopewa kipimo kikubwa walipungua kwa wastani wa asilimia 24 ya uzito wao katika wiki 48. Maana yake mtu wa kilo 100 anabaki na kama kilo 76. Si ajabu watu wamechangamka. Kulikuwa na kichefuchefu, kutapika na kuhara, na mapigo ya moyo yaliongezeka mpaka kufikia wiki ya 24 ndipo yakaanza kushuka. Ninapoandika haya, dawa hiyo haijaidhinishwa. Kampuni bado iko kwenye majaribio makubwa, na haijaanza kumuuzia mtu yeyote.

Sasa hapo shahada yangu ikanisaidia kidogo. Kama mwenye mali hajaanza kuuza, basi kila kinachouzwa sokoni kwa jina hilo si chake. Hakuna haja ya maabara kulijua hilo. Hata Ozempic bandia ipo. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari juu ya zile zilizokamatwa Brazil, Uingereza na Marekani. Lakini pale angalau kuna mwenye mali wa kusema, nambari hii ya kifurushi si yangu. Kwa kichupa cha mama hakuna wa kuulizwa. Ndani kunaweza kuwa na retatrutaidi kweli, au nusu yake, au mara mbili, au kitu kingine kabisa. Kilisafirishwa kwenye joto la pwani, kikawekwa kwenye friji ya duka la jirani karibu na soda, na umeme wa Kaloleni sote tunaujua.

Na yale maandishi madogo? Kwa jicho la biashara, yale hayakuandikwa kwa ajili ya mama. Yaliandikwa kwa ajili ya muuzaji. Siku mambo yakiharibika atasema, mimi niliandika wazi kwamba si kwa binadamu, yeye mwenyewe ndiye aliyejidunga. Mwishoni mwa mwaka 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliwaandikia barua za onyo wauzaji waliokuwa wakijificha nyuma ya maneno kama hayo hayo. Kijana wetu kwenye simu anaeleza namna ya kuchanganya na maji, sindano ya insulini ya kununua, mahali pa kudunga tumboni. Kwenye kichupa anasema si kwa binadamu. Anasema mambo mawili, na lile la kweli amelichapa kwa herufi ndogo.

Nilipomweleza mama hayo yote, aliniuliza swali ambalo ndilo limenifanya niandike. Alisema, "Pasta, wale watu 338 wa huko nao walijidunga kitu kisichoidhinishwa. Mbona wao ni watafiti na mimi ni mjinga?"

Niliondoka bila jibu, wapendwa. Swali lile ni zito kuliko linavyosikika. Kila dawa tunayomeza leo kuna siku ilikuwa haijaidhinishwa, na kuna mtu aliyeimeza siku hiyo. Kama kutumia kisichoidhinishwa ni dhambi, basi tunaishi kwa dhambi za wengine.

Jibu, au kipande chake, nilikipata hapa hapa Kilifi. Kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust kilianzishwa Kilifi mwaka 1989. Wengi wenu mnakumbuka yaliyosemwa juu ya watu wale. Wanachukua damu ya watoto wetu. Wanaiuza. Ni waabudu shetani. Watafiti wenyewe wameandika juu ya uvumi huo, na sitashangaa kama mingine ilitoka kwenye madhabahu zetu. Lakini kati ya mwaka 2009 na 2014 watoto zaidi ya 15,000 katika nchi saba za Afrika, wakiwemo watoto wa Kilifi, walishiriki katika jaribio kubwa la chanjo ya malaria iitwayo RTS,S. Ile iliyoifuata, R21, nayo ilijaribiwa Kilifi. Leo zote mbili zimependekezwa na Shirika la Afya Duniani, ya kwanza Oktoba 2021, ya pili Oktoba 2023.

Katika utafiti wa aina hiyo mzazi anaelezwa kwa lugha anayoielewa kwamba jambo hili bado halijulikani. Anaruhusiwa kukataa. Akikubali anaweka sahihi au kidole gumba, na kesho akibadili mawazo anatoka, hakuna wa kumgombeza. Mtoto anapimwa kwanza, na asiyefaa anaachwa nje. Baadhi hupewa chanjo ya ugonjwa mwingine ili walinganishwe. Kuna mahali pa kwenda homa ikipanda usiku. Na kila kitu kinaandikwa, hata kibaya. RTS,S ilipomaliza lile jaribio, kesi za homa ya uti wa mgongo zilionekana kuwa nyingi zaidi kwa watoto waliochanjwa. Chanjo haikuharakishwa kwa wote. Kuanzia mwaka 2019 ilitolewa kwanza kwa uangalizi katika maeneo fulani ya Ghana, Kenya na Malawi, wakihesabu, mpaka ikaonekana kwamba hofu ile haikuthibitika.

Basi tofauti ya mama na wale 338 haiko kwenye hatari. Hatari wanashiriki. Tofauti ni kwamba wale wana mtu wa kuwajibika. Mama akizimia jikoni saa nane usiku hakuna daftari lenye jina lake, hakuna atakayejua, na mwanamke wa Mariakani atakayenunua kichupa kama hicho kesho yake hatafaidika na kuzimia kwake. Ni jaribio kamili, ila limeondolewa kila kitu kinachomlinda mtu, halafu anayejaribiwa ndiye anayelipa. Watu waliokuja na fomu tuliwaita wanyonya damu. Huyu aliyekuja bila fomu tulimtumia M-Pesa.

Kuidhinishwa nako si muhuri wa mbinguni. Nisije nikawafanya muiabudu Bodi ya Dawa na Sumu. Huko Marekani kulikuwa na dawa ya kupunguza unene iitwayo fenfluramini, iliyoidhinishwa tangu mwaka 1973. Miaka ya tisini watu wengi sana waliitumia wakiichanganya na nyingine. Mwaka 1997 madaktari wa Mayo Clinic waliandika habari za wanawake 24 waliokuwa wameharibika vali za moyo, na Septemba mwaka huo huo dawa ikaondolewa sokoni. Ilikuwa na kibali chote, na bado ikaumiza. Lakini angalieni ilivyogundulika. Wanawake wale walikuwa na mafaili. Daktari aliweza kuona kwamba huyu na huyu na yule walimeza kitu kimoja. Wanaonunua vichupa kwa simu hawataonekana hata wakiwa 24, hata wakiwa 240.

Sasa nije kwa upande wetu sisi tunaoweka mikono. Kuna ndugu aliniambia, "Pasta, usiogope. Ukishaomba, imetakaswa. Imani ni kutenda bila kuona." Nimelifikiria. Katika Luka 4 shetani alimpandisha Bwana juu ya kinara cha hekalu akamwambia ajitupe, na tena alimnukulia Maandiko, ahadi ya kweli ya malaika kumshika. Bwana hakusema ahadi ni ya uongo. Alikataa kuruka. Aliita kule kuruka kumjaribu Mungu. Mimi nilimwombea mama aruke, halafu nikaita imani.

Ukitaka imani pamoja na akili, msome Danieli sura ya kwanza. Danieli hakutaka chakula cha mfalme. Je, alikataa tu na kungoja muujiza? Hapana. Alikwenda kwa msimamizi, akaomba ruhusa, akaweka muda wa siku kumi, akataja watakachokula yeye na wenzake watatu, akakubali walinganishwe na vijana waliokula cha mfalme, na uamuzi akamwachia msimamizi aangalie mwenyewe. Lile ni jaribio la kitabibu, wapendwa, karne nyingi kabla ya KEMRI. (Na matokeo yake, kwa wale wanaoitumia sura hii kuuza mifungo ya kukonda: siku kumi zilipokwisha walionekana wamenenepa kuliko wenzao. Kasomeni.)

Afrika Mashariki tumewahi kuona mkono wa mchungaji ukifanya kazi ya bodi ya dawa. Mwaka 2011 watu walifurika kijiji cha Samunge huko Loliondo, Tanzania, kwa mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, aliyekuwa akitoa kikombe cha dawa ya mti kwa shilingi 500 za Tanzania. Magari yalipanga foleni za kilomita na kilomita. Hata Wakenya walikwenda. Wako waliotoka kwenye vitanda vya hospitali, wako walioacha dawa zao za kila siku. Mzee amekwisha kufa, mwaka 2021, simsemi vibaya. Shilingi 500 si bei ya tapeli. Ila watu hawakwenda kwa sababu ya mti. Walikwenda kwa sababu mtumishi alisema Mungu amemwonyesha. Na tusidhani ni wachungaji tu. Mwaka 1990 hapa Kenya, KEMRI pamoja na Rais Moi waliitangazia dunia Kemron kuwa dawa ya ukimwi. Majaribio yaliyofuata, yakiwemo ya Uganda, hayakuona faida hiyo. Wenye maabara nao wakati mwingine husema amina mapema.

Huyu mama wa pili sasa. Ni mmoja wa wale watatu walioagiza baadaye. Alijidunga Alhamisi, na kuanzia Ijumaa alitapika siku nne mfululizo. Hakwenda hospitali. Nilipomuuliza kwa nini, alinitazama kama vile naulizia jambo lililo wazi. Alisema alidhani anafunguliwa. Sisi kwenye maombi ya ukombozi tumewaona watu wakitapika, na tumewaambia ni vifungo vinatoka. Dawa imeombewa, ametapika, basi kazi inafanyika. Siku ya tano binti yake alimbeba kwa bodaboda akiwa hawezi kusimama. Hospitali walimuuliza ametumia nini, akasema hakuna, kwa aibu. Wakamwekea maji, wakampima malaria. Leo amepona na yuko nasi. Lakini siku nne zile ni zangu. Sikuwa na nia mbaya, lakini maombi yangu ya dakika moja yalimfanya mtu mzima asizielewe dalili za mwili wake mwenyewe.

Na yule wa kwanza? Lazima niseme ukweli wote. Amepungua kilo sita. Anapanda ngazi za kanisa bila kushika ukuta. Ndiyo maana hili jambo si jepesi. Niliporudi kwake na jibu langu la daftari na fomu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Hayo yote ni sawa, Pasta. Lakini goti linaniuma leo. Na ile iliyoidhinishwa mimi nitaitoa wapi?" Aliniambia bei aliyotajiwa kwenye duka la dawa Mombasa, ya mwezi mmoja. Sikuwa na la kusema. Naweza kumwambia dada aliyeajiriwa benki angoje njia halali. Kwa mama anayeuza mahamri, njia halali na njia iliyofungwa zinafanana sana. Nikimwambia angoje bila kujiuliza atangojea nini, nitakuwa nimejitoa lawamani tu.

Kisha akaniambia jambo jingine, nalo limenikosesha usingizi kuliko kichupa. Mwezi Januari nilihubiri kutoka Waamuzi 3, juu ya Ehudi na mfalme Egloni. Nilitania sana unene wa Egloni. Niliigiza anavyotembea. Kanisa lilicheka, na mimi nikafurahi kwamba ujumbe umeingia. Mama alisema, "Siku ile nilicheka na mimi, niko pale mlangoni. Nilipofika nyumbani ndipo nikaagiza."

Bibi yangu alivaa hando. Wagiriama mnajua: kitambaa kingi kilichokunjwa kunjwa kiunoni, na chini yake nguo zaidi, ili nyonga zijae na zitikisike akitembea. Mwanamke asiye na umbo aliongezewa umbo. Sisemi wazee walikuwa sahihi. Mwili mzito una shida zake, presha na kisukari si hadithi, na daktari akikwambia punguza, punguza. Nasema tu kwamba bibi angeshangaa kusikia mjukuu wake akiwachekesha watu madhabahuni kwa jambo hilo.

Tena hii ni Kilifi. Mchungaji wa kaunti hii hawezi kuzungumza juu ya mwili na njaa kana kwamba Shakahola haikuwahi kuwepo. Tangu Aprili 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa kwenye msitu ule, mingi ikiwa ya watoto, ya watu walioambiwa wafunge wamwone Yesu. Baada ya hapo tulikasirika tulipoona kila kanisa linatiliwa shaka. Mimi nilikuwa wa kwanza kulalamika. Sifananishi kichupa na msitu. Lakini najua sasa jinsi mtu anavyoweza kukabidhi tumbo lake kwa mchungaji bila mchungaji kuomba kukabidhiwa, na jinsi mchungaji anavyoweza kupokea bila hata kusimamisha pikipiki.

Jumatano iliyopita nilikwenda kwenye maombi ya akina mama. Nilisimama nikasema, yale maombi nayaondoa kwenye kichupa. Nilimwombea mama, namwombea mpaka leo, lakini mimi sikuipima dawa ile, sijui kilichomo ndani, na yeyote aliyeinunua kwa sababu yangu anisamehe. Nikawaomba watu wawili watatu. Kwanza, aliyejidunga amwambie daktari akiulizwa, asione haya, maana daktari hawezi kutibu kitu kilichofichwa. Pili, mtu akitapika kwa siku mbili apelekwe hospitali, hata kama ametapikia kwenye maombi ya ukombozi. Mama mmoja aliguna. Mwingine akauliza kama nitamrudishia 8,500 zake. Hilo bado tunalizungumza na idara ya fedha, na sioni kama ni swali la kuchekesha. Yule kijana nilimwandikia kwamba sitaki asilimia kumi, na nikamuuliza kama yuko tayari kuweka jina lake kamili na mahali alipo kwenye karatasi, ili mtu akiumia ajue pa kumpata. Alisoma ujumbe. Hakujibu.

Jumatatu nilimpeleka mama kliniki ya presha kwa pikipiki. Tulikaa kwenye benchi tangu saa mbili hadi karibu saa saba. Safari hii alimwambia daktari kila kitu, na daktari aliandika. Alimpima sukari na presha, akampa tarehe ya kurudi, akamweleza kuhusu chakula mambo ambayo mama alikuwa anayajua tayari. Goti limeangaliwa. Kuhusu kile kichupa daktari alisema hawezi kumwambia kilichomo, kwa hiyo hawezi kumwambia aendelee.

Kimoja bado kiko kwenye friji ya duka la jirani, hakijafunguliwa. Alikuwa amenunua viwili. Sijamwambia akitupe kwa jina la Yesu, maana jina hilo nimeshalitumia vibaya mara moja kwenye jambo hili. Amesema atafikiria mpaka tarehe ya kurudi kliniki, na nimemwahidi kwamba pikipiki itakuwa na mafuta.